Kisiwa cha Sedudu na mpaka wa mtoni: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Kyela

Nafundisha jiografia wilayani Kyela, na kila masika Mto Songwe unapofurika maswali huanza upya. Huanzia darasani, yakafika kwenye kijiwe cha bodaboda pale Kasumulu, na hata msibani nimewahi kuvutwa pembeni. Wengi wanataka kujua kitu kimoja: lile fungu la mchanga lililojitokeza katikati ya mto ni la nani, letu au la Malawi?

Kwa miaka kadhaa sasa huwa naanza jibu langu mbali, kwenye Sedudu, kisiwa kisichokaliwa na mtu kule kusini mwa Afrika. Nina sababu. Kesi ya kisiwa kile ilitokana na karatasi ile ile, mkataba wa wakoloni, iliyochora mpaka wetu wa Songwe, na ukiielewa kesi ile utauangalia mto wetu kwa macho mengine. Haya ndiyo maswali yanayorudi zaidi.

Kisiwa chenyewe kiko wapi, na kikoje?

Kiko kwenye Mto Chobe, kati ya Botswana na Namibia, jirani na mji wa Kasane ulio upande wa Botswana. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 3.5. Kwa hesabu yetu ya mashamba hizo ni ekari kama 860. Ni tambarare tupu ya majani na tope, na kuanzia mwezi Machi hivi mto hukifunika kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana hakuna nyumba hata moja. Maji yakishuka majani huchipua, na tembo huvuka kwa kuogelea, mkonga juu, kwenda kulisha. Nyati wapo, na viboko na mamba wapo.

Mto huo una majina kadri unavyoteremka. Juu huitwa Kwando, halafu Linyanti, kisha Chobe, mpaka unapoingia Zambezi karibu na Kazungula, mahali ambapo Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe zinakaribiana hadi karibu kugusana.

Kwa nini mara kinaitwa Sedudu, mara Kasikili?

Botswana wanakiita Sedudu, Namibia wanakiita Kasikili. Mahakama ya kimataifa iliyoamua kesi yao ilipoandika hukumu iliyaweka majina yote mawili kwa pamoja ili isionekane kuegemea upande. Mimi natumia Sedudu kwa sababu ndilo jina la nchi iliyopewa kisiwa, lakini ukikutana na Kasikili ujue ni pale pale.

Hiyo ni Botswana na Namibia. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini inatuhusu nini?

Inatuhusu kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mmoja wa kugawana maeneo. Ndio ule ambao Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland kule Ulaya na kukubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Watu wengi huishia hapo. Ukiendelea kusoma, kifungu cha kwanza kinashughulikia Afrika Mashariki, na humo ndimo unapoukuta mto wetu. Mstari unafuata mwambao wa Ziwa Nyasa, mashariki, kaskazini na magharibi, mpaka ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe, kisha unapanda na mto huo kuelekea juu.

Kifungu cha tatu cha karatasi hiyo hiyo kinaenda kusini magharibi mwa Afrika. Ujerumani ilitaka njia ya kuufikia Zambezi, ikapewa ukanda mwembamba wa ardhi usiopungua maili 20 kwa upana. Ukanda huo ukaja kuitwa Caprivi, kwa jina la kansela wa Ujerumani wa wakati ule. Mpaka wake wa kusini, ukifika mashariki, unafuata Mto Chobe.

Kwa hiyo Songwe na Chobe ni mito iliyotiwa wino siku moja, mezani pamoja. Hakuna Mnyakyusa, Mndali wala Mngonde aliyeulizwa, kama ambavyo Msubia wa Caprivi hakuulizwa. Mwaka 1901 Waingereza na Wajerumani waliongeza makubaliano mengine ya kueleza kwa undani mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, lakini mzizi ni ule wa 1890.

Nikilieleza hili darasani huwa naandika tarehe ile ubaoni na kuchora mito miwili chini yake. Wanafunzi wa kidato cha tatu hunyamaza kidogo. Wengi wao wana shangazi na wajomba Karonga, ng'ambo ya mto upande wa Malawi.

Karatasi ilisema nini hasa, hadi nchi mbili zikafikishana mahakamani?

Ilisema maneno machache mno. Nakala ya Kiingereza iliweka mpaka katikati ya mkondo mkuu wa Chobe. Nakala ya Kijerumani ilitumia neno *Thalweg*, ambalo kwa wataalamu wa mito maana yake ni mstari unaopita kwenye kina kirefu zaidi. Sasa Chobe ukifika Sedudu unajigawa: mkondo mmoja unazunguka kaskazini, mwingine kusini, halafu inakutana mbele. Kama mkondo mkuu ni wa kaskazini, kisiwa kinabaki Botswana. Kama ni wa kusini, kinabaki Namibia.

Kesi nzima ilisimama juu ya hapo. Maneno mawili, "mkondo mkuu", na hakuna aliyeeleza ni upi.

Kama hakuna anayeishi pale, ugomvi ulitoka wapi?

Kutoishi mahali hakumaanishi mahali hapo hapana kazi. Wasubia wa upande wa Caprivi walikuwa wakivuka kwenda kulima kisiwani maji yakishuka, na kurudi kwao yakipanda. Tope la mafuriko lina rutuba. Hilo mkulima wa mpunga wa Kyela haelezwi mara mbili.

Serikali za kikoloni nazo zilikuwa zikichungulia. Mwaka 1912 Kapteni Eason wa polisi wa Bechuanaland, ndiyo Botswana ya leo, aliukagua mto na kuandika kuwa mkondo wa kaskazini ndio mkuu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 maofisa wa pande mbili waliandikiana barua kuhusu kisiwa hicho, wakaachia njiani bila kukata neno.

Oktoba 1984 risasi zikalia mtoni kati ya wanajeshi wa Botswana na wa Afrika Kusini, ambayo wakati ule ilikuwa inaitawala Namibia. Baada ya hapo wataalamu wa pande mbili waliupima mto kwa pamoja, mwaka 1985, na wakaona mkondo mkuu unapita kaskazini. Afrika Kusini haikuridhika, na jambo likabaki linaning'inia.

Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990 na kurithi ugomvi huo pamoja na bendera mpya. Tarehe 24 Mei 1992 Rais Quett Masire wa Botswana na Rais Sam Nujoma wa Namibia walikutana Kasane, Rais Robert Mugabe wa Zimbabwe akiwa msuluhishi. Waliunda timu ya wataalamu, wataalamu wakashindwa kukubaliana, na mwaka 1996 nchi zote mbili zikaandikiana kwamba zinaenda pamoja Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Nasisitiza neno pamoja. Hakuna aliyemburuta mwenzake. Walikwenda kama ndugu wawili wanaompelekea mzee wa ukoo shauri la mpaka wa shamba, wakiwa wameahidi kabla kwamba watakalolisikia watalikubali.

Kwa nini Waafrika wafuate karatasi ya wakoloni? Si wangeitupa tu?

Hili huulizwa kwa hasira, na hasira yenyewe naielewa. Mimi mwenyewe siipendi karatasi ile. Lakini Julai 1964 kule Cairo wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Waliona kwamba wakianza kuvuta kamba kila mahali penye kabila moja pande mbili, hakuna nchi itakayobaki salama. Fikiria hapa kwetu tu. Mnyakyusa wa Kyela na Mngonde wa Karonga wanasikilizana lugha bila mkalimani. Mlambya yuko Ileje na yuko Chitipa. Ukianza kuchora upya kwa kufuata ndugu, utaishia wapi? Botswana na Namibia nazo ziliiomba mahakama iamue kwa kuusoma mkataba wa 1890 na sheria za kimataifa. Hazikuomba mpaka mpya. Ziliomba kuelezwa uliopo uko wapi.

Mahakama ilijuaje mkondo mkuu ni upi?

Iliangalia kina, upana, wingi wa maji, umbo la sakafu ya mto na urahisi wa kupita vyombo. Namibia ilisema mafuriko yakija maji mengi hupita kusini. Mahakama ikajibu kwamba mkondo mkuu hautafutwi wakati wa gharika, kwa sababu gharika inafunika kila kitu. Unatafutwa maji yakiwa yameshuka na mto umerudi kwenye njia zake. Kwa kipimo hicho mkondo wa kaskazini ulionekana kuwa na kina zaidi na upana zaidi.

Tarehe 13 Desemba 1999, kwa kura 11 dhidi ya 4, majaji waliamua kwamba mpaka unafuata mstari wa kina kirefu zaidi wa mkondo wa kaskazini, na kisiwa ni sehemu ya Botswana.

Sehemu hii sikuielewa vizuri kwa kusoma. Niliielewa Songwe. Ilikuwa Jumamosi moja ya Agosti, mto umekonda, nimesimama ukingoni na mzee mmoja anayemiliki mtumbwi. Mbele yetu kulikuwa na fungu la mchanga, refu kama uwanja wa mpira, matete yameanza kuota upande mmoja. Maji ya upande wetu yalikuwa mapana na yaling'aa juani; ningeapa kwamba mto ndio huo. Mzee akakunja suruali, akaingia, akatembea mpaka kwenye mchanga. Maji hayakumfika magotini. Kisha akachomeka pondo kule nyuma ya fungu, kwenye mfereji mwembamba ambao sikuwa hata nimeutazama. Pondo likazama, likazama, mpaka mkono wake ukagusa maji. Akanigeukia: "Mwalimu, mto uko huku. Huko ulikosimama ni maji tu."

Tangu siku ile nikisoma maneno "kina kirefu zaidi" nauona ule mkono.

Wasubia walilima pale miaka mingi. Kwa nini haikuwasaidia?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mkulima wa bondeni alisikie jibu lake, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Namibia ilikuwa na hoja ya pili. Ilisema: hata kama mkataba hautupi kisiwa, watu wetu wamekitumia tangu enzi za ukoloni, hadharani, kwa amani, bila kificho, na ninyi mkanyamaza, basi kimekuwa chetu kwa kukaa nacho. Hoja hiyo ina uzito. Hata kwetu shauri la shamba likifika kwenye baraza la ardhi mtu husema nimelima hapa miaka 20 na jirani ananiona.

Mahakama haikubisha kwamba Wasubia walilima. Ilikubali. Ilichosema ni kwamba walilima kwa mahitaji yao wenyewe, kwa kufuata msimu, na hawakuwa pale kwa niaba ya serikali wala kwa kutumia mamlaka ya dola. Umiliki wa nchi unataka kitendo cha nchi: kutoza kodi, kutoa amri, kuhukumu, kulinda, na jirani akaona kwamba hiyo ni dola inafanya kazi. Jembe la mkulima halihesabiki hivyo.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni uonevu. Mtu amepinda mgongo miaka yote hiyo, halafu anaambiwa jasho lake halina maana kwenye mpaka. Nimeirudia mara nyingi tangu hapo na leo naiona tofauti. Kama kilimo kingekuwa kinahamisha mipaka, basi kila mkulima anayevuka kufuata udongo mzuri angekuwa askari wa nchi yake bila kujua, na jirani wa ng'ambo angekuwa na sababu ya kumfukuza kabla hajafyeka jani la kwanza. Hukumu ile inamwacha mkulima abaki mkulima. Mpaka wa Songwe unahitaji sana hilo, maana huku kulima ng'ambo si jambo geni na halijawahi kuwa vita.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "hapa ni Tanzania kwa sababu babu yangu alipanda mpunga hapa", mwambie kwa upole kwamba shamba la babu linaweza kuwa lake kwa haki ya ardhi, lakini nchi ni shauri lingine.

Baada ya hukumu, Wanamibia walifungiwa mto?

Hapana. Mahakama iliongeza jambo ambalo lilipitishwa na majaji wote bila kupingwa: kwenye mikondo yote miwili inayozunguka kisiwa, raia na vyombo vya nchi zote mbili vitendewe sawa. Boti ya Namibia ikipita mkondo wa kusini, ulio ndani ya Botswana, itendewe kama ya Botswana. Msingi wake ulikuwa maneno ambayo marais wenyewe walikuwa wameshakubaliana Kasane mwaka 1992. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu bora ya hukumu nzima, na inasikitisha kwamba inatajwa mara chache kuliko ile ya nani alipewa kisiwa.

Basi ugomvi uliisha?

Wa kisiwa, ndiyo. Namibia iliikubali hukumu, na mwaka 2018 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa mpaka wao.

Wa mtoni haukuisha. Novemba 2020 wanajeshi wa Botswana waliwapiga risasi na kuwaua watu wanne kwenye Chobe, ndugu watatu wa Namibia na jamaa yao wa Zambia. Jeshi lilisema walishukiwa kuwa majangili. Familia zao zilisema walikuwa wavuvi. Naliweka hapa kwa sababu wanafunzi hupenda hadithi iishe siku ya hukumu, majaji wakivua majoho. Hukumu ilieleza mstari uko wapi. Haikumfundisha askari mwenye bunduki, usiku, jinsi ya kumtazama mtu aliye ndani ya mtumbwi.

Songwe ipi unayoizungumzia? Mbona Songwe iko Mbeya?

Swali zuri, na linachanganya hata wageni wenye ramani. Iko mito miwili yenye jina hilo. Mmoja unateremka kaskazini na kuishia Ziwa Rukwa. Ndio unaopita karibu na kiwanda cha saruji na uwanja wa ndege, njia ya Mbeya kwenda Tunduma. Mwingine ndio wa mpaka: unatoka milimani, unapita Ileje upande wetu na Chitipa upande wa Malawi, unateremka kati ya Kyela na Karonga, na kumwaga Ziwa Nyasa. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa 2016, ni habari ya tatu. Humu nazungumzia mto wa mpaka.

Na huo una visiwa?

Una mafungu ya mchanga, yanayozaliwa na kufa. Huko juu Ileje mto uko kwenye mabonde makali, hauna pa kuhamia. Ukishafika tambarare ya Kyela unakosa mteremko, unatua mchanga na tope ulilobeba kutoka milimani, unajipindapinda kama nyoka. Pindo likizidi kujikunja, gharika moja inalikata shingo na mto unashika njia ya mkato. Kipande kilichokuwa upande mmoja kinaamkia upande wa pili, au kinabaki katikati kimezungukwa na maji. Ukataji miti na kilimo cha miteremkoni huko juu vinaongeza tope, na tope ndilo linaloujaza mto mpaka utafute njia nyingine.

Nimeyaona mafungu yanayokaa msimu mmoja na mengine yanayodumu hadi matete yakawa marefu kuliko mtu. Usiyape jina mapema.

Mto ukihama, mpaka nao unahama?

Inategemea umehamaje. Kanuni inayofuatwa sana duniani inatenganisha mambo mawili. Mto ukila ukingo pole pole, mwaka hadi mwaka, mpaka huusindikiza. Lakini ukiruka ghafla kwa gharika na kuacha njia yake, mpaka hubaki kwenye njia ya zamani, hata kama imekauka na ng'ombe wanalisha humo. Marekani na Mexico zilivutana karibu miaka 100 juu ya kipande cha Chamizal baada ya mto unaozitenganisha kuhama, na walimalizana kwa mkataba wa 1963.

Kwa mkulima kanuni hiyo ni baridi. Kuna familia moja ninayoifahamu ambayo mpunga wao ulikuwa umeshatoa mashuke, bado wiki chache wavune. Usiku maji yakaja. Asubuhi nilipofika mama mwenye shamba alikuwa amesimama na beseni tupu kiunoni, anaangalia ncha za mashuke zikitikisika juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mkondo wenye nguvu ukipita kati yake na shamba lake. Aliniuliza swali moja: "Sasa nikavune kwa pasipoti?" Hakuwa anatania.

Kwa sababu ya mambo kama hayo Tanzania na Malawi ziliamua kulishughulikia bonde kwa pamoja. Mwaka 2017 zilitia saini makubaliano ya kuunda Kamisheni ya Pamoja ya Bonde la Mto Songwe. Katika mipango yake kuna kutuliza kingo za mto, bwawa la kupunguza mafuriko na kuzalisha umeme, na skimu za umwagiliaji pande zote mbili. Wahandisi wanajua jambo ambalo wanasheria hulisahau: mpaka wa maji utatulia mto ukitulia, na mto utatulia milima ikibaki na miti.

Fungu la mchanga limejitokeza mbele ya shamba langu. Nilime?

Usilime. Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, achilia mbali ndani ya mto wenyewe. Pili, ukiligusa lile tope kwa jembe mizizi ya matete inakatika, na ndiyo iliyokuwa inalishikilia. Tatu, hujui liko upande gani wa mstari. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, toa taarifa kwamba mto umebadilika, eleza tangu lini. Taarifa kama hizo, zikiandikwa na kuwekwa tarehe, siku moja zinaweza kuwa na thamani. Kumbuka kule Chobe taarifa ya polisi ya 1912 ilikuwa bado inasomwa mbele ya majaji miaka 87 baadaye.

Ziwa Nyasa nalo ni karatasi hiyo hiyo?

Ndiyo. Maneno ya "mwambao wa ziwa" niliyoyataja juu ndiyo ambayo Malawi huyashikilia, na Tanzania inashikilia kwamba mpaka upite katikati ya maji. Ni shauri kubwa, linastahili ukurasa wake.

Kuna kisiwa cha mtoni kinachomilikiwa na nchi mbili kwa pamoja?

Kipo, na wanafunzi hulipenda sana jibu hili. Kati ya Ufaransa na Hispania kuna Mto Bidasoa, na ndani yake kisiwa kidogo kisichofika hekta moja, kisichokaliwa. Wafaransa wanakiita Île des Faisans. Mwaka 1659 falme mbili zilimaliza vita vyao kwa mapatano yaliyofanyika kisiwani humo, na leo kisiwa kinamilikiwa kwa zamu: kuanzia 1 Februari hadi 31 Julai kiko chini ya Hispania, kuanzia 1 Agosti hadi 31 Januari chini ya Ufaransa. Kila mwaka, bila risasi.

Kwa Afrika, mfano mwingine wa visiwa vya mtoni, ila wa kugawana, ni Benin na Niger. Mwaka 2005 mahakama ile ile ya The Hague iliwagawia visiwa 25 vya Mto Niger, 16 vikaenda Niger na 9 Benin, kwa kutumia kipimo kile kile cha kina kirefu zaidi. Pondo la mzee, kwa maneno mengine.

Naweza kwenda kukiona Sedudu kutoka Mbeya?

Inawezekana kwa barabara. Tunduma, Nakonde, unashuka Zambia yote hadi Lusaka, Livingstone, halafu Kazungula. Wengine hupunguza uchovu kwa kupanda treni ya TAZARA kutoka Mbeya hadi Kapiri Mposhi. Pale Kazungula tangu Mei 2021 kuna daraja, lina urefu wa mita 923, na limepindwa makusudi ili lisikanyage ardhi ya Zimbabwe. Kutoka hapo Kasane ni jirani. Kisiwa utakiona kutoka kwenye boti za watalii zinazokizunguka. Nenda wakati wa kiangazi. Masika utaona maji tu.

Nikiwa kwenye mtumbwi Songwe, nitajuaje nimeshavuka mpaka?

Hutaona alama yoyote. Pita Kasumulu, onyesha hati yako, gonga muhuri. Njia za panya zina mamba na zina doria. Ile Jumamosi ya Agosti nilimuuliza mzee swali hili hili, tumesimama juu ya mchanga. Alichomoa pondo kwenye mfereji, akalishika pale penye alama ya unyevu, juu kidogo ya kichwa chake, akalilaza begani na kuanza kurudi upande wetu. "Lisipofika chini," alisema, "geuza."